Magodoro Matano ya Baba Ariane

"Na hili la tano nalo utaniambia limeshuka kutoka mbinguni?"

Shafina alikuwa amesimama katikati ya korido, mikono kiunoni, mtandio umemwangukia begani, wala hakuwa na nia ya kumpisha mtu.

"Mama Shafina, tupishe kwanza. Tutaongea," Donatienne alimwambia.

"Tutaongea lini? Jumapili tumeongea, juzi tumeongea, na kila tukiongea godoro linaongezeka! We Mama Ariane, hilo mmelitoa wapi?"

Swali hilo angelijibu vizuri Landry, shemeji yake Donatienne, kwa kuwa ndiye aliyelibeba. Lakini kichwa cha Landry kilikuwa nyuma ya godoro. Kilichoonekana ni miguu tu, na mabuti yakichuruzika maji ya theluji kwenye zulia la jengo. Na kwa kweli hapakuwa na haja ya jibu. Ghorofa nzima ya kumi na moja ilijua. Limetoka kule chini, kando ya mapipa ya taka, ambako kila mwisho wa mwezi wanaohama huacha vitanda vyao kwenye barafu.

"Ni zima," sauti ya Landry ilitokea nyuma ya godoro. "Halina hata tundu."

"Zima! Mtu gani mwenye akili anatupa godoro zima? Limetupwa kwa sababu lina wenyewe! Mmewaokota wenyewe, mkawapandisha lifti, mkanikabidhi mlangoni!" Shafina alipandisha mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko. Vipele vitatu vyekundu vilijipanga pale kama vifungo vya shati. "Ona! Ijumaa nimekaa kwenye ibada jamatkhana, nimejitanda vizuri, mwanamke wa pembeni yangu ananigusa begani. Nikadhani ananisalimu. Kumbe anamwonyesha mwenzake kunguni anayetembea kwenye mtandio wangu! Miaka thelathini na mbili naswali na wale watu. Leo nikikaa, wanaacha viti viwili kila upande."

Donatienne alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Tangu saa moja asubuhi alikuwa nyumba ya wazee, akiogesha, akilisha, akigeuza watu wazito kuliko yeye. Miguu ilikuwa inamwaka. Na ukweli ni kwamba moyoni alikuwa upande wa Shafina kabisa. Yeye mwenyewe asingelitaka godoro lile hata akilipwa. Angemwachia Landry godoro lake, akamkumbatia jirani yake, wakalia pamoja. Walikuwa marafiki hawa, tena tangu siku ya kwanza. Walisikiana Kiswahili kwenye lifti, wakaulizana, ikaonekana mmoja ni mzaliwa wa Kigoma na mwingine wa Uvira, ziwa moja, dagaa walewale.

Lakini Shafina akateleza ulimi.

"Mwambieni huyo mwehu wenu aje alale kwenye sakafu kama watu wengine!"

"Nani mwehu?" Donatienne aliuliza, taratibu.

"Mimi sikusema..."

"Umesema. Nani mwehu, Mama Shafina? Landry, sukuma!"

Landry, ambaye hakuona kitu, alisukuma. Godoro likamkumba Shafina likambandika ukutani, likapita, likaingia ndani ya nyumba nambari 1107, na mlango ukafungwa. Ukafungwa polepole, bila kishindo, kwa maana ndani ya nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kubamiza mlango.

*

Tharcisse, mumewe Donatienne, alikuwa amesimama kwenye kona yake ya sebule. Magodoro mawili yalikuwa sakafuni, mawili yameegemezwa ukutani, na yeye katikati. Alivaa makoti mawili ya baridi, moja juu ya jingine, na makalioni alikuwa amefungwa mto kwa kitenge kilekile Donatienne alichombebea binti yao Ariane mgongoni miaka kumi na saba iliyopita.

"Mmeligonga mahali?" aliuliza.

"Hatujaligonga," alisema Donatienne.

"Nimesikia kelele."

"Ni jirani. Anasalimu."

Alikuwa hivyo tangu Novemba. Siku moja alirudi kutoka kiwandani, kule alikokuwa akikata vioo vya madirisha kwa miaka tisa, akanawa mikono, akavutiwa kiti, akakikataa. Akasema hawezi kukaa, atavunjika. Donatienne alicheka. Akadhani ni mgongo. Kesho yake Tharcisse alieleza vizuri, bila jazba, kama anayeeleza njia ya basi: kwamba yeye sasa ni kioo. Siyo kwamba anajihisi kioo. Ni kioo, cha milimita sita, na kina ufa mdogo upande wa kushoto.

Daktari wa familia alimpa vidonge. Alivimeza siku mbili, kisha akasema vinagonga ndani. Bingwa wa mambo ya akili aliwapangia tarehe kumi na nane Machi, na hiyo Februari ilikuwa haijafika hata katikati. Kiwandani walisema wanamtakia afya njema. Kanisani walisema waombe. Waombaji walipokuja, wanaume wanne wenye mikono mizito, Tharcisse alipiga ukelele uliowarudisha mpaka kwenye lifti, na habari ikafika mpaka mji wa pili, Kitchener, kabla ya jioni.

Na sasa karatasi ilikuwa mezani. Iliingizwa chini ya mlango na Sikander, msimamizi wa jengo, ambaye baadaye alirudi mwenyewe kuhakikisha imesomwa. Mwaka ule wa 2010 kunguni walikuwa habari ya mji mzima, na Sikander alikuwa amechoka kama wote.

"Alhamisi," alimwambia Donatienne kwa Kiingereza cha polepole, kama anayemfundisha mtoto, ilhali Donatienne alikuwa ameshinda kutwa akizungumza Kiingereza hichohicho na madaktari. "Saa nne asubuhi. Dawa. Watu wote nje. Masaa sita. Unaelewa, watu wote?"

"Ninaelewa. Mume wangu ni mgonjwa."

"Najua. Kila mtu anajua." Alitazama pembeni. "Mama, wenzako ghorofa tatu wanaumwa na wadudu. Nimeahirisha mara mbili kwa ajili yako. Alhamisi asipotoka, nitawaita polisi wamtoe. Sina njia nyingine."

Donatienne alishaona jinsi polisi wanavyomtoa mtu. Yule kijana wa ghorofa ya nne, kiangazi kilichopita, walimlaza kifudifudi mbele ya masanduku ya barua, goti mgongoni, pingu. Kijana yule alikuwa wa nyama na damu, na bado alipiga kelele zile. Je, mtu anayejua kwa hakika kwamba ni kioo?

*

"Kuna wengine," alisema Ariane Jumatano jioni, akaweka karatasi mezani, kati ya sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na mkono wa Landry. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mama yake alikuwa akimwuliza kwa Kiswahili, naye akimjibu kwa Kiingereza, na wote wawili walikuwa wameacha zamani kuona ajabu.

"Wengine nani?"

"Wenye ugonjwa wa papa." Alimwonyesha baba yake kwa kidevu. "Nimesoma maktaba ya shule. Zamani Ulaya walikuwa wengi, miaka mia mbili nzima. Kulikuwa na mfalme wa Ufaransa, alijiona ni kioo. Inasemekana alishonewa fito za chuma ndani ya nguo asivunjike, na hakutaka mtu amguse."

Donatienne aliacha kutafuna. "Mfalme?"

"Mfalme. Na binti wa mfalme wa Bavaria alisema akiwa mdogo alimeza piano ya kioo. Alikuwa anapita milangoni upande upande."

"Piano nzima?"

"Nzima."

"Na huyo mfalme, mke wake alikuwa akitoka zamu saa tisa, apike, afue, kisha amfunge mumewe mto matakoni?"

"Maman..."

"Nauliza tu. Kwa sababu mtu mwenye watumishi mia anaweza kuwa kioo. Anaweza kuwa sahani, anaweza kuwa chupa. Mimi hapa Scarborough kioo sikiwezi." Alisukuma sahani. "Walipona?"

Ariane alipekua karatasi. "Mmoja imeandikwa alipona. Wa Paris. Alikuwa fundi wa vioo, kama papa. Naye alitembea na mto mdogo nyuma."

Hata Landry aliinua kichwa.

"Daktari akampiga fimbo," Ariane aliendelea, sauti ikapungua. "Akampiga sana. Akamwambia, ukisikia maumivu ni nyama, kioo hakiumi."

Ariane alijuta palepale, ilionekana. Landry yeye alikuwa ameshauweka mkono wake kiunoni.

"Nilisema mimi," alisema, akianza kufungua mkanda. "Nilisema tangu Krismasi! Kumbe na wazungu walijua. Shemeji, nipe dakika tano. Tano tu. Kaka yangu atakaa kwenye kiti leo."

"Funga suruali yako, Landry."

"Kesho polisi! Afadhali mimi ndugu yake au polisi?"

Na hapo Donatienne alikosa jibu, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Landry alichukua ukimya wake kuwa ruhusa. Akainuka, akavuka magodoro, mkanda umezungushwa kwenye ngumi. Tharcisse alimwona akija. Hakukimbia. Alijikunja kidogo upande wa kushoto, upande wa ufa, akaita:

"Donatienne! Vaa viatu!"

Landry alisimama.

"Mwambie mtoto naye avae viatu!" Tharcisse alikuwa analia. "Vipande vitaruka. Vitaingia miguuni. Vya milimita sita vinakata mpaka mfupa, mimi nimeviona. Vaeni viatu kwanza, kisha anipige!"

Donatienne alitazama miguu yake. Alikuwa na soksi. Miezi mitatu alilala peke yake chumbani akiamini mumewe amemkinai. Alimkasirikia, akamnunia, akampa mgongo. Kumbe mtu yule alisimama sebuleni usiku na mchana ili asije akavunjika kitandani akamkata mkewe.

"Toka," alimwambia Landry.

"Shemeji..."

"Toka nyumbani kwangu na mkanda wako. Na usilete godoro jingine!"

*

Alhamisi saa tatu unusu kila kitu kilikuwa ndani ya mifuko myeusi ya taka: nguo, mapazia, Biblia, vitabu vya Ariane. Maisha ya miaka kumi na moja yalijaa mifuko kumi na tisa, imerundikwa bafuni, na majirani wanaosubiri lifti walikuwa wakichungulia. Sikander alikuwa mlangoni na wapuliza dawa wawili, mitungi mgongoni. Nyuma yao alisimama Shafina, ambaye alikuja kuona kwa macho yake kwamba safari hii wanatoka.

Tharcisse alikuwa kwenye kona yake.

"Baba Ariane," Donatienne alisema, "twende."

"Siwezi."

"Twende taratibu."

"Taratibu gani? Unajua nini wewe kuhusu kioo?"

Miezi mitatu alikuwa amemjibu swali hilo kwa namna moja tu: wewe si kioo. Alimwambia kwa upole, alimwambia kwa kilio, alimwambia kwa matusi ya Kifuliiru ambayo hakujua kwamba bado anayakumbuka. Asubuhi ile alifungua kinywa aseme tena, akajikuta amechoka hata kusema.

"Sijui kitu," alisema. "Mimi nabeba wazee. Vioo unabeba wewe. Niambie, kinabebwaje?"

Tharcisse alimgeukia.

"Kinabebwa kimesimama," alisema. "Hakilazwi hata siku moja. Kikilazwa kinavunjika kwa uzito wake wenyewe."

"Haya. Kimesimama. Watu wangapi?"

"Wawili. Mmoja mbele kulia, mmoja nyuma kushoto. Wa nyuma ndiye anayesema, wa mbele anatii. Kona zivalishwe karatasi ngumu. Mlango unafunguliwa kabla, siyo mkiwa mmeshafika." Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile sauti aliyokuwa akirudi nayo kutoka kazini, akilalamika juu ya vijana wapya wasiojua kushika. "Glavu. Hakuna kukimbia. Hakuna kucheka."

"Ariane, lile boksi la televisheni! Kata vipande. Nani anacheka hapo?" Hakuna aliyekuwa anacheka. "Mimi mbele. Nyuma ashike Ariane."

"Mtoto hapana," alisema Tharcisse. Aliangalia mlangoni, akawapima mmoja mmoja kama anayeajiri. "Yule mama. Ana mkono mtulivu."

"Mimi?" Shafina alijigusa kifua. "Mimi nimekuja kuhakikisha mnatoka!"

"Ndiyo tunatoka, mama. Vaa glavu. Kona ya kushoto, hapo chini ya bega. Kuna ufa, uangalie."

Shafina alimtazama Sikander, Sikander akatazama saa yake. Shafina alisema kitu kwa Kigujarati ambacho hakikuwa sala, akavaa glavu za jikoni za Donatienne, akaingia akikanyaga magodoro aliyoyalaani wiki nzima.

"Jambo la mwisho," Tharcisse alisema, na safari hii alimwambia mkewe peke yake. "Kioo kikianza kuanguka, hakidakwi. Unaachia, unaruka nyuma. Kiwandani ndiyo sheria ya kwanza."

"Mimi nitadaka."

"Basi sitoki."

"Baba Ariane! Saa nne kasoro dakika tano!"

"Sema hutadaka."

"Sawa!" Donatienne alifoka. "Sitadaka! Uanguke, uvunjike, nikufagie! Twende!"

Wakatoka. Hatua moja, wakasimama. Hatua moja, wakasimama. Mabegani na viwikoni Tharcisse alivaa vipande vya boksi la televisheni vilivyoandikwa *shika kwa uangalifu* kwa lugha tatu, na Ariane alitembea mbele akifungua milango kabla. Shafina alikuwa nyuma, jasho linamtoka, akiongoza msafara kwa sauti aliyozoea kuwaongozea wanawe mezani. "Kizingiti. Inua mguu. Siyo huo, wa kulia. Polepole, baba, nani anakukimbiza? Sikander, ondoka mbele, unaziba njia!"

Walipofika koridoni wapuliza dawa waliingia, mlango ukafungwa, na Donatienne akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Lifti," alisema Sikander.

Lifti ilifika. Milango yake ikafunguka, ikatulia, ikagongana. Tharcisse alijikunja tena upande wa ufa.

"Siyo humo. Ile inabana. Siyo humo, Donatienne."

"Basi tutakaa hapa hapa koridoni," alisema Donatienne. "Masaa sita si mengi. Atasimama, amezoea."

"Koridoni haruhusiwi mtu. Sheria ya moto." Sikander hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshatoa simu. "Mama, nimekusubiri. Umeona mwenyewe nimekusubiri. Ni lifti au polisi."

"Dakika tano, nakuomba."

"Hivyohivyo uliniomba nilipoahirisha."

Alianza kubonyeza. Donatienne hakujua la kufanya na mikono yake. Mmoja ulimshikilia mumewe, na wa pili uliinuka wenyewe, wazi, mbele ya yule mwanaume wa jengo, kama wa mtu anayeomba barabarani. Ariane aliona mkono ule akageuza uso ukutani.

"Weka simu chini," alisema Shafina.

"Dada, wewe ndiye uliyenipigia mara tisa..."

"Na sasa nakwambia weka chini. Nimeshika kitu kizito, usinifanye nipayuke." Alimwongezea maneno kadhaa ya Kihindi, mafupi, na Sikander akaitazama simu, kisha akaitia mfukoni. Shafina alimgeukia Donatienne. "Mlango wangu uko wazi. Ni hatua nane. Mzungushe."

Donatienne hakuamini. "Mama Shafina, sisi tuna kunguni."

"Na mimi nina nini, njiwa? Wangu wamezaliwa na wenu. Wakikutana watasalimiana. Mzungushe, mkono unaniuma!"

Zilikuwa hatua kumi na nne, siyo nane, kwa sababu Tharcisse alidai wapunguze mwendo kwenye kona. Ndani, Shafina alimwamuru Ariane asogeze meza ya chai, avute zulia, afungue kabisa mlango wa sebule, kabla, siyo wakiwa wameshafika. Wakamsimamisha Tharcisse karibu na dirisha. Alitazama dirisha lile kwa muda, akalikagua kingo zake, akasema aliyelifunga alikuwa mvivu.

"Hakai?" Shafina aliuliza.

"Hakai tangu Novemba," alijibu Donatienne. Alikuwa amerudi mpaka kizingitini. Alisimama nusu nje nusu ndani, mfuko mweusi mkononi, akitazama zulia safi na soksi zake zilizochanika kidoleni. "Anakula hivyohivyo, wima. Mimi na Ariane tutashuka chini tukusubiri. Asante, Mama Shafina. Mungu akubariki. Na lile jambo la juzi, godoro lile..."

"Achana na godoro. Godoro nimeshalitukana, limesikia." Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mbaazi za nazi na mkate wa kumimina. Shafina alikuwa bado hajavua glavu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado chini ya bega la Tharcisse, palepale alipoagizwa. "Umekula lini wewe?"

Donatienne alifikiri. Hakukumbuka.

"Nilijua tu. Ingia, Mama Ariane, ufunge mlango, baridi inaingia. Vuta kiti ukae, upakue, umpakulie na mtoto. Huyu nimemshika mimi."